Kanuni za Darasa la Kiingereza katika Kidato cha Tano: Mwanafunzi wa Kabingo Anatarajiwa Nini?



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona jarida la idara ya Kiswahili likitenga kurasa zake kwa ajili ya darasa la Kiingereza. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wa wanafunzi wetu wanaosomea ualimu watafundisha masomo mawili, na aghalabu somo la pili huwa ni Kiingereza au Fasihi. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba katika shule za kusini-magharibi mwa Uganda wapo wanafunzi ambao Kiswahili ndiyo lugha pekee wanayoweza kuelewana nayo na mwalimu pale wanapoingia shuleni kwa mara ya kwanza. Wanapotatizwa na darasa la Kiingereza, mwalimu wa Kiswahili ndiye wanayemwendea. Ni vyema basi mwalimu huyo azijue kanuni za darasa hilo, ajue sababu zake, na ajue pia ni ipi inayomjenga mwanafunzi na ni ipi inayomwumiza bila faida.

Katika makala haya tutaeleza kwanza hali ya lugha huko Kabingo na Mbarara. Kisha tutafafanua maana ya "Kiingereza" katika kidato cha tano na cha sita nchini Uganda, tutapitia kanuni moja moja, na mwishoni tutapendekeza jambo ambalo kila mwalimu anaweza kulifanya siku ya kwanza ya muhula.

Kabingo, Nakivale na Mbarara

Kabingo imo wilayani Isingiro, wilaya yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi haya, yaliyopewa jina la ziwa Nakivale, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Wilaya ya Isingiro yenyewe ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, na ndiyo sababu maandishi ya zamani huiweka Nakivale chini ya Mbarara. Leo wanaishi humo wakimbizi zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wakongomani ndio wengi zaidi.

Kwa upande wa lugha, mtoto anayekulia hapo huzungukwa na lugha nyingi kwa siku moja. Nyumbani huenda akazungumza Kibembe, Kifulero, Kishi, Kinyarwanda au Kirundi. Sokoni na mtaani atasikia Kiswahili. Akitoka nje ya makazi kuelekea Isingiro mjini au Mbarara, wenyeji huzungumza Kinyankore. Akiingia darasani, lugha ya kufundishia ni Kiingereza.

Kwa mtoto aliyeanza darasa la kwanza hapo hapo Nakivale, mzigo huu hubebeka. Tatizo kubwa liko kwa yule aliyefika akiwa kijana. Mashariki mwa Kongo mtoto huanza shule kwa lugha ya eneo lake, ambayo mara nyingi ni Kiswahili, kisha huhamia Kifaransa. Burundi huanza kwa Kirundi na kuhamia Kifaransa vilevile. Kijana wa namna hii anaweza kufika Uganda akiwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize sekondari, akiwa anajua vizuri hesabu, historia na biolojia, lakini vyote anavijua kwa Kifaransa.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Vyeti vyake, kama alifanikiwa kutoka navyo, huhitaji kulinganishwa na vya Uganda na Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, yaani UNEB. Hata vikikubaliwa, shule inaweza kumrudisha nyuma madarasa mawili, matatu au zaidi kwa sababu hajui Kiingereza. Kijana wa miaka kumi na tisa hujikuta ameketi na watoto wa miaka kumi na minne. Wengine huvumilia, na wengine huacha shule. Wale wanaofika kidato cha tano wamekwisha kulipa gharama kubwa ya umri na ya heshima. Si haki gharama hiyo ipotee kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza darasa linataka nini.

"Kiingereza" cha kidato cha tano ni kipi?

Kosa la kwanza tunalolisikia kwa wanafunzi ni kudhani kwamba Kiingereza kimekwisha. Wanasema, "Nilifanya mtihani wa Kiingereza kidato cha nne, sasa nasoma masomo ya sayansi." Kwa upande mmoja wana haki. Mtihani wa lugha ya Kiingereza kama somo la lazima hufanywa mwishoni mwa kidato cha nne, katika cheti cha UCE. Katika cheti cha juu, yaani UACE, Kiingereza huja kwa sura nyingine mbili.

Sura ya kwanza ni Karatasi ya Jumla, ambayo wanafunzi wote huiita GP. Hili ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa sanaa au wa sayansi. Kwa miaka mingi mtihani wake umekuwa wa saa mbili na dakika arubaini, na maswali mawili ya kujibiwa. Swali moja ni insha ya maneno kati ya 500 na 800 kuhusu jambo la umma, kama vile elimu, mazingira, siasa au afya. La pili hutokana na kifungu cha habari au takwimu, ambapo mtahiniwa hufafanua maana ya maneno, hufupisha hoja na kujibu maswali kwa maneno yake mwenyewe.

Sura ya pili ni Fasihi ya Kiingereza, ambayo huchaguliwa na wanafunzi wa sanaa. Mpangilio wake uliozoeleka ni karatasi tatu: nathari na ushairi, tamthilia, na riwaya. Katika karatasi ya kwanza mtahiniwa hupewa kifungu na shairi ambavyo pengine hajawahi kuviona maishani mwake. Katika mbili zilizobaki huulizwa kuhusu vitabu alivyovisoma kwa miaka miwili.

Tunapaswa kuongeza tahadhari moja. Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini, na kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya UCE mwaka 2024. Kutokana na hilo, mtaala wa kidato cha tano nao umekuwa ukioanishwa na ule mpya kuanzia 2025. Kwa hiyo kila mwanafunzi aulize shuleni kwake mpangilio wa mtihani wa mwaka wake, wala asitegemee karatasi za zamani peke yake. Hata hivyo, stadi tutakazozieleza hapa chini hazibadiliki.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Ili mtu aingie chuo kikuu nchini Uganda kwa njia ya moja kwa moja kusomea shahada, huhitaji angalau kufaulu masomo makuu mawili katika UACE kwa kikao kimoja. Ufadhili kama ule wa DAFI, ambao serikali ya Ujerumani imekuwa ikiusaidia tangu 1992 kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma vyuo vikuu, nao hudai cheti cha sekondari kilichokamilika. Kwa kijana wa Kabingo, njia ya kwenda chuo cha Mbarara au cha Kampala hupitia katika kurasa chache za insha ya Kiingereza.

Kanuni zenyewe

Walimu hutofautiana, lakini madarasa ya Kiingereza ya kiwango hiki hufanana sana katika kanuni zake. Tumezipanga saba.

Kanuni ya kwanza: Njoo ukiwa umesoma. Katika kidato cha pili mwalimu husoma kitabu pamoja na darasa. Katika kidato cha tano sura husomwa nyumbani au bwenini, na kipindi hutumika kuijadili. Mwanafunzi asiyejua hili husubiri mwalimu aanze kusoma, na kipindi humpita. Mara nyingi vitabu ni vichache, nakala moja kwa wanafunzi wanne au watano. Ushauri wetu ni kwamba kundi lipange zamu kwa saa, na anayemaliza sura aandike muhtasari wa mistari mitano kwa wenzake. Anayesoma polepole apewe zamu ya kwanza, asiwe wa mwisho.

Kanuni ya pili: Andika kila wiki, na ukabidhi siku iliyotajwa. Stadi ya insha haipatikani kwa kusikiliza. Huja kwa kuandika, kusahihishwa na kuandika tena. Mwanafunzi asiogope wino mwekundu. Daftari lililojaa masahihisho ni dalili kwamba mwalimu amelisoma. Daftari safi lisilo na alama yoyote ndilo la kutia wasiwasi.

Kanuni ya tatu: Tumia maneno yako mwenyewe. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, mtoto huzoea kunakili ubao na kurudisha maneno yale yale katika mtihani. Tabia hiyo ilimsaidia hapo nyuma, lakini hapa humwangusha. Kunakili insha ya mwenzake, au ya kitabu cha maswali na majibu, huhesabiwa kuwa ni wizi. Na katika swali la kifungu, anayenyofoa sentensi nzima kutoka kwenye kifungu hupoteza alama hata kama sentensi ile ndiyo yenye jibu.

Kanuni ya nne: Jibu swali lililoulizwa. Kila swali lina neno linaloliongoza. "Eleza" si sawa na "jadili". "Taja sababu" si sawa na "ni kwa kiasi gani unakubali". Swali la namna ya "kwa kiasi gani" humtaka mtahiniwa apime pande mbili na kutoa uamuzi, na anayeorodhesha faida tu amejibu nusu. Tunashauri mwanafunzi apige mstari chini ya neno hilo kabla ya kuanza, kisha aandike pembeni kwa Kiswahili au Kifaransa linamtaka afanye nini. Nusu dakika hiyo haipotei bure.

Kanuni ya tano: Dai lifuatwe na ushahidi, na ushahidi ufuatwe na maelezo. Ukisema mhusika fulani ni mwoga, onyesha ni wapi katika kitabu, kisha eleza jinsi tendo hilo linavyothibitisha woga. Wanafunzi wengi hufika hatua ya pili na kusimama hapo. Hueleza kisa chote upya wakidhani wamejibu, ilhali msahihishaji anakijua kisa. Anachotafuta ni hoja.

Kanuni ya sita: Zungumza darasani. Hii huwatatiza wengi waliolelewa kwamba mtoto mwenye adabu hunyamaza mbele ya mkubwa. Katika darasa hili mwalimu huuliza, "Nani hakubaliani?" na anataka kweli apate mtu asiyekubaliana. Kumpinga mwalimu kwa hoja si utovu wa adabu. Namna ya kupinga ndiyo yenye adabu au isiyo nayo. Mwanafunzi ajifunze sentensi tatu nne za Kiingereza za kukubali, za kukataa kwa upole na za kuomba ufafanuzi, azijue kwa moyo, na azitumie hata kama yanayofuata yatakuwa na makosa.

Kanuni ya saba: Hudhuria, na ukikosa toa taarifa. Shule huchukulia utoro kwa ukali, na ni sawa. Lakini maisha ya makazini yana siku zake: siku ya mgao, siku ya kuhakikiwa majina, siku ya kumpeleka mdogo wake mtu zahanati kwa sababu mama yuko shambani. Mwanafunzi anayesema mapema husaidiwa. Anayenyamaza huandikwa mtoro. Asiyejua kusema kwa Kiingereza aseme kwa Kiswahili, au aandike barua fupi na kumpa mwenzake aipeleke.

Kanuni ya nane isiyoandikwa

Iko kanuni nyingine ambayo katika shule nyingi hutangulia zote: "Kiingereza pekee." Tunataka kuizungumzia peke yake, maana ndiyo inayogusa idara yetu moja kwa moja.

Ndani ya kipindi cha Kiingereza kanuni hii ina maana. Mtu hajifunzi kuogelea akiwa nchi kavu, na mwanafunzi asiyelazimika kuunda sentensi hataziunda. Tunaiunga mkono kwa kipindi hicho. Lakini katika shule nyingi za Afrika Mashariki kanuni hii imevuka mlango wa darasa. Imefika uwanjani, jikoni na bwenini, ikisindikizwa na aibu: kibao au mfupa unaovishwa shingoni kwa aliyesikika akizungumza lugha ya kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliieleza adhabu ya aina hii katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, akikumbuka jinsi watoto walivyogeuzwa kuwa wapelelezi wa wenzao. Hayo aliyaona Kenya enzi za ukoloni, lakini msomaji aliyesoma katika shule zetu hatahitaji kuelezwa zaidi.

Nchini Uganda kanuni hii inapingana hata na sheria na sera. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa 2020 umekifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilielekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haiwezekani shule imfundishe mtoto Kiswahili saa nne asubuhi, kisha imwadhibu kwa kukizungumza saa saba mchana.

Kuna na hasara nyingine ya kimasomo. Mwanafunzi aliyekatazwa Kiswahili kila mahali hana pa kuulizia asichokielewa. Hunyamaza. Na mwalimu wa Kiingereza, akimwona amenyamaza, huandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

Tusijisahau sisi wenyewe pia. Kijana huyo huyo akija kwenye kipindi cha Kiswahili na kusema "batoto" badala ya "watoto", au "niko naenda sokoni" badala ya "ninaenda sokoni", mara ngapi mwalimu wetu amemcheka na kumwambia kwamba hicho si Kiswahili? Hicho ni Kiswahili cha Bukavu, cha Goma na cha Uvira, chenye wasemaji mamilioni. Ni kweli kwamba mtihani hutaka Kiswahili sanifu na ni kazi yetu kumfikisha huko. Lakini akidharauliwa katika vipindi vyote viwili, cha Kiingereza na cha Kiswahili, atabaki bila lugha hata moja ambayo shule inaiheshimu.

Mwanafunzi huyu hakuja mikono mitupu

Mwalimu mwangalifu ataona kwamba kijana wa Kabingo ana akiba ambayo wenzake wa Mbarara hawana. Tutaje mambo matatu.

Kwanza, Kifaransa. Maneno mengi ya kitaaluma ya Kiingereza yana asili moja na ya Kifaransa: government na gouvernement, consequence na conséquence, hypothesis na hypothèse. Anayeyajua kwa Kifaransa hana haja ya kuanza mwanzo. Lakini aonywe kuhusu maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Library ya Kiingereza ni maktaba, lakini librairie ya Kifaransa ni duka la vitabu. Actually ni "kwa kweli", lakini actuellement ni "kwa sasa". Sensible kwa Kiingereza ni mwenye busara, na kwa Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa moyo. Assist ni kusaidia, ilhali assister à ni kuhudhuria. Orodha ya maneno ishirini ya namna hii ikibandikwa ukutani itaokoa makosa mengi.

Pili, insha. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo una insha ya Kifaransa, nayo huandaliwa kwa mpangilio wa hoja, hoja pinzani na hitimisho. Aliyejiandaa kwa mtihani huo anajua kupanga mawazo. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba insha ya Kiingereza mara nyingi hutaka msimamo wa mwandishi uonekane mapema, katika aya ya kwanza, na kila aya ifunguliwe na sentensi inayobeba hoja yake.

Tatu, Kiswahili chenyewe. Makosa mengi ya Kiingereza ya wanafunzi hawa hayatokani na uzembe, ni matokeo ya Kiswahili kufanya kazi yake. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo he na she huchanganywa. Kiswahili hakina viambishi vya the na a, kwa hiyo huachwa. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kueleza hayo kwa dakika kumi, na mwanafunzi akaelewa kwamba kosa lake lina sababu na lina dawa. Na ile "niko naenda" tuliyokuwa tukiicheka? Itazameni tena. "Niko" pamoja na "naenda" zimepangwa sawasawa na I am pamoja na going. Mwanafunzi wa Bukavu tayari anayo mdomoni njeo ambayo mwenzake huchukua wiki mbili kuielewa. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwonyesha.

Karatasi ya siku ya kwanza

Kutokana na yote tuliyoyaeleza, tunapendekeza jambo moja dogo. Siku ya kwanza ya muhula, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili waandae pamoja karatasi ya ukurasa mmoja yenye kanuni za darasa kwa lugha zote mbili. Kanuni ambayo mwanafunzi hakuielewa haiwezi kumfunga, na kumwadhibu kwa kuivunja ni kumwonea. Huu hapa mfano wa upande wa Kiswahili, ambao kila mmoja anaweza kuurekebisha kulingana na shule yake:

1. Soma sura iliyotajwa kabla ya kipindi. Kama hukupata kitabu, sema kabla ya kipindi, si baada.
2. Insha moja kila wiki. Siku ya kukabidhi haibadiliki ila kwa taarifa.
3. Andika kwa maneno yako. Ukitumia maneno ya mwingine, mtaje.
4. Soma swali mara mbili, upige mstari chini ya neno linaloongoza.
5. Kila dai lina ushahidi, na kila ushahidi una maelezo.
6. Zungumza angalau mara moja katika kila kipindi. Kosa la Kiingereza halichekwi hapa.
7. Ukikosa kuja, tuma taarifa kwa lugha yoyote unayoiweza.
8. Ndani ya kipindi tunazungumza Kiingereza. Ukikwama kabisa, uliza kwa Kiswahili, kisha tutalirudia swali lako kwa Kiingereza pamoja.

Na chini yake, kwa herufi zile zile, yaandikwe mambo ambayo mwalimu naye anayaahidi:

1. Nitarudisha insha zenu zikiwa zimesahihishwa kabla ya kuwapa nyingine.
2. Nitaeleza kwa nini umepata alama ulizopata.
3. Sitamvisha mtu kitu shingoni wala kumwaibisha kwa sababu ya lugha yake.
4. Nitatenga muda kila wiki kwa wanaohitaji kuulizia tena.

Sehemu hii ya pili isiachwe. Karatasi yenye masharti ya upande mmoja huwa ni amri tu. Yenye masharti ya pande mbili huwa ni makubaliano, na wanafunzi hukumbuka makubaliano.

Tunafahamu kwamba mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini atauliza, "Nitasahihisha insha themanini kila wiki kwa muda gani?" Ni swali la haki. Zipo njia. Darasa ligawanywe makundi manne, na kila wiki mwalimu asahihishe kwa kina insha za kundi moja, ilhali makundi mengine yakisahihishana kwa kufuata orodha ya mambo matano yaliyokubaliwa. Kila mwanafunzi ataandika kila wiki, na atasomwa na mwalimu angalau mara moja kwa mwezi. Wanafunzi wetu walioko kwenye mazoezi ya kufundisha wanaweza kusaidia hapa, hasa katika kutafsiri kanuni na kuandaa orodha ya maneno ya kutahadhari.

Hitimisho

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Nakivale methali hii ina maana ya wazi kabisa, kwani wakimbizi hugawiwa kipande cha ardhi ili walime. Kanuni za darasa la Kiingereza nazo ni jembe. Hatusemi kijana wa Kabingo apunguziwe kazi, kwa sababu mtihani hautampunguzia na chuo kikuu hakitampunguzia. Tunasema aonyeshwe mpaka wa shamba lake na namna udongo wa hapa unavyolimwa, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Akishaelewa, mdai kazi.

Walimu na wanafunzi watakaoijaribu karatasi ya siku ya kwanza shuleni kwao tunawaomba watuletee nakala idarani pamoja na maoni yao. Tungependa hasa kusikia ni kanuni ipi iliyowashinda wanafunzi, na ni ahadi ipi iliyomshinda mwalimu.